Oili ya Bomba la Kushoto

Kilichomtoa Shokapu gerejini jioni ile ni kopo la grisi, si kingine. Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya mapaa, wenye maduka wameanza kuvuta milango yao ya mabati, na yeye akajiambia naenda mara moja tu, narudi. Hata kufuli hakutia. Alivua ovaroli akaitundika msumarini, akamwambia baba yake kupitia ukuta, "Baba, nakuja sasa hivi," akausukuma mlango ukabaki nusu wazi.

Jina la Shokapu alipewa na mtaa. Alikuwa fundi wa pikipiki kama mafundi wengine, lakini ukimpelekea pikipiki inayodunda kama mbuzi hakuwa na maswali mengi. Alikaa juu yake, akajibonyeza, akatega sikio, kisha akakwambia bomba lipi la shokapu limekufa na limekufa kwa ugonjwa gani. Pikipiki alizozipenda kupita zote ni zile za zamani, za mbio za matope na vilima, ambazo wenzake walishaziita vyuma chakavu. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, ambaye enzi zake alikuwa mkimbiaji wa mbio hizo, mpaka siku alipoanguka akavunjika mgongo. Tangu siku hiyo miguu haikumtii tena. Aliishi chumba cha nyuma ya gereji, yeye na kiti chake cha magurudumu, na ukuta uliowatenganisha ulikuwa mwembamba hivi kwamba baba na binti walipiga soga huku mmoja anafunga nati na mwingine amejinyoosha kitandani.

Aliporudi na kopo lake, mlango ulikuwa wazi wote.

Ndani, kwenye stuli yake, chini ya ule msumari wa ovaroli, palikuwa na mtu amekaa.

"Siku hizi hata shikamoo hakuna?" mtu yule akasema.

Shokapu alibaki kizingitini, kopo mkononi. Alimjua. Nani asiyemjua? Mtaa mzima ulimwita Bingwa, hata sasa ambapo nywele zilikuwa nyeupe na kitambi kimeushinda mkanda. Katika miaka yake yote ya mbio hakuwahi kuanguka. Watu walikuwa wakitania kwamba pikipiki yake ina gundi. Lakini katika nyumba ya Shokapu jina lile halikutajwa. Siku baba yake alipovunjika, Bingwa ndiye aliyekuwa ubavuni mwake, tairi kwa tairi. Alimpita pale chini, akaenda kupokea kikombe chake, na mpaka leo hakuwahi kurudi hata kusema pole.

"Tumefunga, mzee," Shokapu akasema.

"Mlango ulikuwa wazi."

Mkono wa kulia wa Bingwa ulikuwa umefungwa bandeji. Juu ya jicho alikuwa na kidonda kibichi. Akasukuma kwa mguu kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye blanketi, kikagonga sakafu kwa mlio wa chuma.

"Naifufua ile pikipiki yangu. Injini imeshaamka, rimu zimeng'arishwa, tangi limepigwa rangi. Yamebaki haya mabomba ya mbele. Sili za mpira zimechoka, oili inavuja."

"Peleka kwa fundi mwingine."

"Nati ya chini ya haya mabomba imejificha ndani kabisa. Ufunguo wake anao baba yako peke yake, aliuchonga mwenyewe. Usijifanye hujui."

Ilikuwa kweli. Baba yake na Bingwa walinunua pikipiki za aina moja, msimu mmoja. Ufunguo ule, chuma kirefu chenye ncha ya pembe sita, ulikuwa ukutani nyuma yake.

"Nimesema hapana."

Bingwa hakupandisha sauti. Aliishusha.

"Mwenye jengo hili ni shemeji yangu. Nikimwambia kesho hapa pawe stoo ya saruji, patakuwa stoo ya saruji. Wewe na kilema wako mtalala wapi?"

Shokapu alikamata kopo la grisi mpaka likabonyea. Akamtazama mzee yule, akautazama ukuta wa baba yake. Kisha akachukua ufunguo.

"Nikimaliza, utoke. Na usirudi."

"Jambo moja tu," Bingwa akasema. "Oili ya bomba la kushoto usiimwage. Hata tone. Ikinge kwenye karai, funga sili mpya, uirudishe ile ile."

"Oili ya miaka yote hiyo ni uchafu, mzee. Itazila hizo sili mpya."

"Ile ile."

Alianza na bomba la kulia. Akalibana kwenye jiliwa, akafungua kifuniko cha juu, akatoa springi, akamwaga oili. Ilikuwa nyeusi na ilinuka kama samaki aliyesahauliwa, harufu ambayo kila fundi wa shokapu anaijua na huizoea. Akazungusha nati ya chini kwa ule ufunguo, vipande viwili vya bomba vilivyoingiliana vikaachana. Sili ya zamani ilikuwa ngumu kama kigae, ikatoka vipande vipande. Akapiga msasa sehemu zenye kutu, akaweka sili mpya, akaipaka grisi, akaigonga taratibu mpaka ikakaa. Kazi safi. Muda wote huo Bingwa hakutazama. Alikaa chini ya ovaroli, macho kwenye bomba la pili.

Nje giza lilikuwa limeshaingia. Shokapu akawasha taa.

Akalinyanyua bomba la kushoto.

Lilikuwa la moto.

Si moto wa jua. Lilikuwa na joto kama la kwapa la mgonjwa wa homa. Nusura aliachie. Akalibana kwenye jiliwa, na kwa mazoea tu, akalibonyeza kidogo asikie limekufa vipi. Bomba bovu hutoa mlio mmoja, shuu, basi.

Hili lilivuta pumzi.

Hhhhh...

Likasinyaa. Likapanda tena. Likasinyaa... na mkono wake ulikuwa umeshaliachia.

"Endelea," Bingwa akanong'ona.

Shokapu akafungua kifuniko. Harufu ikapanda. Haikuwa ya samaki. Ilikuwa tamu, nzito, kama kidonda kilichofungwa bandeji muda mrefu bila kusafishwa. Akageuza uso.

Kutoka upande wa pili wa ukuta, kitanda kililia.

"Mwanangu," sauti ya baba yake ikasema. "Umefungua nini?"

Bingwa akaweka kidole mdomoni. Akatikisa kichwa polepole.

"Shokapu tu, baba. Ya zamani."

Kitanda kililia tena.

"Harufu hiyo... niliisikia siku ile. Kabla usukani haujanigeukia. Nilikuwa nimeilaza pikipiki vizuri kwenye kona, sina wasiwasi wowote, mara nikaisikia harufu hiyo. Sikuwahi kumwambia mtu. Ningeonekana natafuta kisingizio."

Shokapu akaikinga oili kwenye karai. Ilishuka taratibu, nzito kama asali. Akageukia rafu kuchukua sili mpya na kitambaa, nyuma yake stuli ikalia, akarudi, akashika ncha ya springi akaivuta.

Springi ya shokapu huwa chuma kitupu. Hii ilikuwa imevalishwa. Kila mzunguko ulikuwa umefungwa utepe wa nguo, na kila utepe una fundo lake, dogo, lililokazwa kwa meno au kwa koleo. Zote nyeusi kwa oili. Akaupangusa mmoja kwa kidole gumba.

Njano.

Akaupangusa tena. Pembeni palikuwa na pindo lililoshonwa kwa uzi mwekundu, mishono ya kwenda upogo. Mishono ile aliijua kuliko mwandiko wake mwenyewe. Marehemu mama yake hakuwa na subira ya kushona kwenye mstari. Shati la mbio la baba yake lilikuwa la njano, na lilikuwa bado limo sandukuni, limepungua kipande cha pindo nyuma. Mama alikufa akiamini ni panya.

"Hiki ni nini?"

"Kirudishe."

"Nimekuuliza, hiki ni nini!"

"Punguza sauti." Bingwa alikuwa amesimama. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kidonda. "Sikumwombea mtu yeyote aanguke. Niliomba nisianguke mimi, basi. Yule mganga aliyenitengenezea aliniambia nilete nguo za ninaoshindana nao. Hakuniambia kuanguka kwangu kunakwenda wapi."

"Ukajua lini?"

Bingwa akajipangusa jasho jichoni.

"Baba yako hakuwa wa kwanza," akasema.

Shokapu akahesabu mafundo kwa macho, akashindwa, au hakutaka kumaliza. Bingwa alikimbia misimu mingi baada ya ile. Kila msimu alichukua kikombe. Kila msimu kuna mama aliyeitwa hospitali.

"Lakini sasa inavuja," Bingwa akaendelea, na sauti yake ikawa ya mtu anayedai haki yake. "Naanguka kila siku. Bafuni. Ngazini. Juzi nimeanguka nimesimama tu, nimeegemea ukuta! Hizo tepe zimechoka. Wenye nguo hizo, wengine wamekufa, wengine hawana tena cha kuvunjika. Kwa hiyo funga sili uniondokee."

Maneno yale, hawana tena cha kuvunjika, yalimfanya Shokapu ainamishe macho. Ndipo alipoliona karai.

Ndani ya oili palikuwa na kitu kinaelea.

Kipande cha nguo. Cha mraba. Kilikuwa kimeanza kulowa pembezoni, lakini katikati rangi ilikuwa bado inaonekana, bluu iliyopauka kwa kufuliwa. Na kilikuwa na fundo.

Polepole, Shokapu akainua uso kuutazama ule msumari. Ovaroli yake ilikuwa inaning'inia pale pale. Mfuko wa kifuani haukuwepo. Ulikuwa umekatwa kwa mkasi, bila haraka, na mtu aliyepata nafasi ya kukaa peke yake gerejini.

"Mimi?" akasema.

"Ungeumia mguu, labda," Bingwa akasema. "Wewe bado kijana. Ungepona."

Hakukuwa na kufikiri tena. Shokapu alizamisha mikono yote miwili kwenye karai, akakinyakua kile kipande, akalipiga karai teke.

Oili ikatapakaa sakafuni. Ikateremka kuelekea tundu la maji lililo karibu na mlango, kama kitu kinachojua njia ya kwao. Bingwa alitoa mlio ambao Shokapu hakuwahi kuusikia kwa mtu mzima, akajitupa magotini, akaanza kuikumba kwa viganja.

"Itumbukize springi! Itumbukize, isikauke! Binti, nakuomba!"

Juu ya meza, fundo la kwanza lilijifungua.

Hakuna aliyeligusa. Lilijinyonganyonga kama mnyoo aliyetiwa chumvi, likalegea, utepe ukaanguka.

Bingwa akaacha kukumba. Akageuza shingo, kama anasikiliza. Shokapu naye alisikia. Kwa mbali sana, ndani ya chumba kile chenye kuta nne, pikipiki ilikuwa inakuja. Ikakaribia. Ikakaribia... Na nyuma yake, sauti ya watu wengi wakisema kwa pamoja, "Oooh!"

Bingwa akarushwa.

Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu tambarare, na alirushwa kama mtu aliyetoka kwenye kitu kinachokimbia. Bega lilipiga ukuta. Akaburuzika. Vumbi likapanda kwenye saruji aliyoifagia Shokapu mwenyewe asubuhi, vumbi jekundu la njia ya mbio, likamwingia puani.

Fundo la pili likaanza kujinyonga.

"Nani anaanguka?" baba yake akapiga kelele ukutani. "Mwanangu! Nani anaanguka huko?"

Kitambaa alichokitoa rafuni kilikuwa mezani mbele ya Shokapu. Angeweza kuinama, akaifuta oili iliyobaki, akaikamulia karaini, akaitumbukiza springi. Alijua angeweza. Bingwa naye alijua, maana alimtazama yeye, si mafundo. Midomo ilikuwa inasema kitu. Shokapu alisimama, mikono inadondosha matone.

Hakuinama.

Injini ikaja tena. Na tena. Mara nyingine zilikuja mbili zinafukuzana. Sitasimulia yote aliyoyaona, kwa sababu hata yeye mwenyewe kuna mahali alifumba macho. Alipoyafumbua, Bingwa alikuwa chali katikati ya chumba, mavazi yamechanika, na mezani limebaki fundo moja tu.

La njano.

Hilo lilijifungua taratibu kuliko yote.

"Hilo..." Bingwa akanong'ona, "hilo usi..."

Mlio uliotoka mgongoni kwake ulikuwa mdogo. Kama kuni kavu.

Hakufa.

Majirani walikuja, wakambeba, wakampeleka hospitali. Shokapu aliwaambia kwamba mzee ameteleza kwenye oili, na oili ilikuwa pale, kila mtu aliiona. Daktari ndiye aliyekuja kuuliza baadaye, si kwa ukali, kwa kushangaa tu: mtu ameteleza kwenye saruji, je, huu mchanga mwekundu kwenye meno umetoka wapi? Na changarawe chini ya ngozi? Shokapu akasema hajui. Daktari akamtazama sana, akaenda zake. Mpaka leo Bingwa amelala kwake, anageuzwa na wanawe, na kinachosogea ni macho peke yake. Jengo halikugeuzwa stoo ya saruji. Shemeji mtu hakutaka hata kulikaribia.

Usiku ule ule wa ajali, Shokapu alimweleza baba yake kila kitu. Mzee alisikiliza, mikono juu ya mapaja yasiyohisi. Kama alikuwa na tumaini kwamba miguu yake ingerudi, hakulisema, na haikurudi. Aliuliza swali moja tu.

"Alisema pole?"

"Hapana, baba."

"Haya," mzee akasema, akageukia ukutani.

Tepe zote Shokapu alizichoma nyuma ya gereji, pamoja na kipande chake cha bluu. Zilichelewa kushika moto, lakini ziliungua. Mabomba aliyakata kwa msumeno. Sakafu aliisugua kwa sabuni, kwa petroli, kwa mchanga, ikawa safi. Mikono yake ndiyo iliyomshinda. Oili ile ilibaki chini ya kucha na kwenye mistari ya viganja, na ukiisogeza puani, utamu ule ulikuwa bado upo. Fundi gani hana oili kwenye kucha? Alijiambia hivyo, akaendelea na kazi.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja, mchana kweupe, alitoka kuijaribu pikipiki ya mteja. Kwenye kona ya soko alikuta changarawe imemwagika barabarani, na aliiona amechelewa. Tairi la mbele likamtoka. Alilijua hilo la kuanguka, alishaanguka mara nyingi maishani. Mwili wake ulishajikunja kuipokea barabara.

Pikipiki ikasimama wima. Yenyewe. Kama mtu aliyeshikwa bega.

Nyuma yake, mama mmoja aliyekuwa anatembea zake mahali pakavu, pasipo na kitu, alianguka kifudifudi na ndoo yake. Watu wakamkimbilia. Alikuwa anashangaa huku analia, ameshika kiwiko, anasema, "Sijajikwaa! Jamani, sijajikwaa!"

Shokapu aliisukuma pikipiki kwa mkono mpaka gerejini. Tangu siku ile hakupanda tena. Alitembea taratibu, karibu na kuta, anatazama chini kama kikongwe. Ngazi aliacha kuzipanda. Viatu vya soli laini akavitupa. Baba yake alimtania kwamba amekuwa na adabu za bibi harusi, naye akacheka, maana angemwambia nini?

Jana mvua ilinyesha. Alikuwa anatoka chumba cha baba yake, ameshamfunika blanketi pale kitini, amebeba kikombe kitupu cha chai. Kizingiti kilikuwa kimelowa. Mguu wake ukateleza, ukaenda mbele wote, mwili ukaachia, kikombe kikaruka mkononi...

Na hakuanguka.

Alibaki amesimama wima kizingitini, mguu mmoja hewani, mgongo umenyooka, hakuna alichoshika. Kikombe kilivunjika mbali huko. Mvua ilikuwa imekatika. Mtaani watoto walikuwa wanacheza, muuza mkaa anapita na baiskeli, na nyuma yake, chumbani, baba yake alikuwa anajisogeza ili apande kutoka kwenye kiti kwenda kitandani.

Shokapu akazuia pumzi, akasubiri kusikia ni nani atakayelia.